Gogo la Njia ya Kisimani

Gogo lile lilikaa mwaka mzima pale pale liliposimama siku ile, chini ya mlima, limeikata njia ya kisimani kama mtu aliyelala mlangoni. Watu wa upande ule wa Buhinyuza, mkoa wa Muyinga, Burundi, walikuwa wameshazoea kulizunguka. Wakilifikia wanashuka kidogo kwenye majani, wanapita nyuma yake, kisha wanarudi njiani, na hapo kwenye majani njia nyingine nyembamba ilikuwa imeanza kujichora. Hakuna aliyelikalia kupumzika. Hakuna aliyebandua hata gome lake la kuwashia moto, ingawa kuni ni shida, na gome la mkaratusi likikauka linawaka vizuri kuliko karatasi. Gogo lilimuua Fabiano, mtoto wa Efrazia, na watu waliliogopa.

Adventina, mke wa Fabiano, alilizunguka mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, bidoni ya maji kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto wake Raissa alikuwa na miezi mitatu baba yake alipofariki. Sasa alikuwa anatembea, miguu imepanuka, mikono juu kama anaomba abebwe. Asubuhi moja Adventina alimweka chini ili ajaze maji, na alipogeuka akamkuta amelifikia gogo, analipigapiga kwa kiganja taratibu, kama watoto wanavyompiga ng'ombe mpole ubavuni. Adventina alimnyakua akamchapa mkono. Mtoto akalia kwa mshangao, kwa sababu hajawahi kuchapwa. Mama yake naye akakaa palepale kwenye majani akalia, wakalia wote wawili hadi maji yakamwagika kwenye bidoni iliyoachwa imelala.

Jioni ile mama mkwe wake alimwita. Efrazia alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa maneno machache, na tangu msiba alizidi kuyapunguza.

"Mama Raissa," alisema, "siku ya kuganduka tumeipanga. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane."

"Ndiyo, mama."

"Watu watakuja, wale, wanywe, tuseme matanga yameisha. Mimi nitasemaje matanga yameisha na lile liko pale linaniangalia? Likiwa pale, mimi sitaganduka. Nitakaa na matanga yangu mpaka nife."

Adventina aliingia ndani akahesabu majuma kwa vidole: matatu na siku chache. Tangu siku hiyo akawa na jambo moja tu kichwani, kwamba gogo litoke pale kabla ya siku ya kuganduka, na lisichukue mtu mwingine.

Wanaume aliowaomba kila mmoja alikuwa na sababu. Mmoja mgongo unamuuma. Mwingine ana safari ya Muyinga mjini. Wa tatu alisema wazi, "Shemeji, mimi nina watoto," akaangalia pembeni. Aliyekubali alikuwa Egidius peke yake, kaka mkubwa wa Fabiano. Alikwenda kulitazama, akakata mti wa kubinulia, akaupenyeza chini ya gogo akalala juu yake kwa uzito wake wote. Mti ukavunjika. Akakata wa pili, nao ukavunjika. Akarudi nyumbani anafuta jasho.

"Lile, shemeji, halitaki mikono mitupu," alisema. "Na hatuwezi kulikata likiwa limelala vile. Msumeno ukifika katikati gogo litaubana, hatutautoa mpaka Krismasi. Lazima linyanyuliwe kwanza."

Kulinyanyua na kuligeuza kwa kitu gani, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Adventina alizaliwa Tanzania, Ulyankulu, mkoa wa Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi ambako babu na bibi yake walifika wakiwa vijana. Kule walilima tumbaku. Tumbaku inakaushwa kwa moshi ndani ya nyumba ya udongo wanayoiita bani, na bani linakula kuni usiku na mchana halishibi. Kwa hiyo watoto wa kule walijua kuviringisha magogo kabla hawajajua kuandika majina yao. Walifanya wawili wawili. Mmoja anakaa nyuma na mti wa kubinulia. Mwingine anakaa mbele na kamba, anatembea kinyumenyume, analivuta gogo na kulielekeza lisiende upande. Huyo wa mbele walimwita dereva. Ilikuwa heshima kuitwa dereva, na watoto waligombania kamba. Kule ardhi ni tambarare, unaona mbali hadi macho yachoke. Gogo ukiacha kulisukuma linatulia.

Walirudi Burundi yeye akiwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Shuleni walimcheka Kirundi chake. Fabiano naye alikuwa mmoja wa wale waliochekwa, ametoka kijiji kile kile cha Ulyankulu, na labda ndiyo maana walipokua wakaoana: walikuwa wanachekea vitu vile vile. Hata ndani ya nyumba yao, wakibishana, Fabiano alikuwa anasema, "Dereva ni nani hapa?" naye Adventina anajibu, "Dereva wewe, lakini njia naijua mimi."

Aliyeleta habari ya chuma ni dada yake, Jeska, aliyeolewa Makebuko, mkoa wa Gitega. Alipiga simu kuuliza hali ya mtoto, Adventina akamweleza habari ya gogo. Jeska akasema kule kwao wakata kuni wanashika chuma fulani, mpini mrefu, mbele kina kucha kama ya nge, kinauma gogo na kuligeuza, mtu mmoja anafanya kazi ya watu wanne.

"Nani anakitengeneza?"

"Saidi wa Yoba, Gitega mjini. Njoo. Ijumaa napeleka parachichi sokoni, tutakutana huko."

Adventina aliuza mbuzi wawili akapata lifti kwenye lori la maharage lililopitia Karuzi. Mafuta yalikuwa haba siku hizo, gari likipatikana huulizi starehe. Kabla ya kuondoka alishuka kwenye gogo na utepe mrefu wa mgomba, akafumba macho, akauzungusha kwenye gogo pale penye unene, akafunga fundo. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuligusa tangu siku ile. Lilikuwa na joto la jua, kama kitu chochote kilichoanikwa.

Karakana ya Saidi ilikuwa uani kwake tu, chini ya mabati mawili, na springi za malori yaliyokufa zimeegemezwa ukutani kama mbavu. Saidi alikuwa mtu mfupi mwenye kofia nyeupe iliyotobolewa na cheche. Mkewe, Pili, alikaa kizingitini anachambua mchele.

"Karibuni, karibuni. Jeska, umetuletea mugeni."

"Ni mdogo wangu, ametoka Muyinga. Anataka chuma cha kugeuzia gogo."

"Gogo iko kubwa namna gani?"

Adventina akafungua pindo la kitenge, akatoa utepe wa mgomba akampa. Saidi aliufanya duara kulingana na fundo, akauinua juu, akachungulia kupitia katikati yake.

"Pili, kuja uone. Hii si gogo, hii iko tangi ya mafuta."

"Ingekuwa tangi ya mafuta," Pili akajibu bila kuinua macho, "foleni ingekuwa imefika deja hapa Yoba."

Jeska alicheka sana. Adventina naye alitabasamu kidogo, kwa adabu.

Saidi akatoa vyuma vitatu, akavilaza chini mbele yake kama mtu anayeuza samaki. Cha kwanza kilikuwa mtaimbo, chuma kirefu cha kuchimbulia mawe, ambacho watu wa Gitega wanakiita baramini. "Hii inanyanyua kila kitu, hata nyumba," alisema. "Lakini kugeuza, oya, haiwezi. Inateleza kwa gome. Ikiteleza inarudi kwa kidevu yako." Cha pili kilikuwa mti wenye ndoano iliyochomelewa, haichezi. "Hii iko ya magogo nyembamba. Kwa ile yako itakuwa kama kuuma tikiti na meno mbili." Cha tatu kilikuwa na kucha inayoning'inia kwenye bolti, inafunguka na kufunga, na chini yake kipande cha chuma kama mguu mfupi. "Hii mi naita mukono. Unasukuma mupini, kucha inauma yenyewe. Ukisukuma zaidi gogo inapanda juu ya huu muguu, inabaki hewani, unakata na musumeno bila kubanwa. Jaribu. Usinunue kwa mudomo yangu."

Uani kulikuwa na kigogo cha mgrevilea cha kujaribia. Adventina alimpa Jeska mtoto, akavua viatu. Mtaimbo uliteleza kweli, mara mbili, na mara ya pili ukamkwaruza mguu. Ndoano haikushika. Kisha akachukua ule mkono, akaweka ncha juu ya kigogo, kucha ikaning'inia ubavuni, akasukuma. Kucha ikauma kwa sauti ndogo, kigogo kikazunguka na kupanda, kikatulia juu ya ule mguu wa chuma. Chini yake paka angeweza kupita.

"Eh, dada," Pili akasema, "we unaficha nguvu."

"Si nguvu, ni chuma," alisema Saidi kwa furaha. "Bon. Kwa gogo yako nitafungua kucha zaidi, nitachukua springi ya lori nzito. Muguu nitafunga na bolti, mukitaka kuviringisha tu munautoa, usikwame kwa mawe. Sasa mutakuwa watu wangapi?"

"Wawili."

"Watu wawili, vyuma mbili. Mumoja anageuza, mwingine anazuia, halafu munabadilishana. Usichukue moja."

"Moja inatosha," alisema Adventina. "Mmoja atabinua. Mwingine atakaa mbele na kamba."

Saidi alikuwa anafuta mikono. Akaacha. "Mbele wapi?"

"Mbele ya gogo. Analiongoza."

"Si umesema iko kwa mulima?"

"Ndiyo. Ni mlima."

"Yaani huyo wa kamba anasimama chini." Saidi akacheka, akidhani ni utani. "Chini ya gogo, anaivuta ije kwake. Nani alikufundisha hiyo? Huyo mutu anataka kukuua."

Jeska alikohoa. Pili akaacha kuchambua mchele. Lakini Saidi alikuwa fundi, na fundi akianza kueleza haangalii nyuso. Aliokota mkaa akachora sakafuni mstari ulioinama, hapo juu ya mstari akachora duara, na juu ya duara akachora vijiti viwili. "Angalia. Huyu we, huyu mwenzako. Wote juu. Huku chini iko ya gogo peke yake. Hakuna mutu, hakuna mbuzi, hakuna kitu."

Adventina aliutazama ule mchoro. Kisha akauliza, "Na kama mtu hana chuma hiki? Ana mti tu?"

"Hata na muti. Muti si tatizo, wazee wetu walitumia muti. Tatizo iko mahali unasimama."

Hapo ndipo neno hilo lilipomfika. Mwaka mzima alikuwa amewaambia watu kwamba gogo liliteleza. Walikuja, wakakaa, wakamshika mikono, wakasema ni mpango wa Mungu, naye akaitikia. Hakuna aliyemuuliza nani alisimama wapi. Na ukweli ni kwamba halikuteleza. Fabiano alikuwa amelikata vizuri, limekaa kwenye jiwe, wanataka kulishusha wakalipasulie bondeni, wachome matofali ya nyumba yao. Alishuka mbele na kamba kama walivyozoea tangu utoto, akamtazama mkewe huko juu, akasema, "Haya, binua." Naye akabinua. Alipenyeza mti wake chini ya gogo akausukuma kwa mikono yake miwili, na gogo likamtii. Kule Ulyankulu lingezunguka mara moja likatulia.

Mwaka mzima alikuwa amejificha nyuma ya neno lile, liliteleza. Usiku alijiambia labda mti wake ulikuwa mbaya, labda wangekuwa na chuma. Alikuwa amekuja Gitega, akiri asikiri, kusikia kwamba ni chuma kilichokosekana.

"Dada," Pili akaita taratibu. Alikuwa amesimama, ungo mkononi. "Huyo wa kamba iko bwana yako?"

"Ndiyo."

"Na we ulikuwa juu."

Saidi akautazama mchoro wake, akautazama uso wa mgeni, akavua kofia. Alitaka kuufuta mchoro kwa mguu, kisha akaona hata hiyo si vizuri, akabaki amesimama.

"Pole, dada yangu. Nilisema bila kujua."

"Umesema kweli, kaka. Usijali."

Nje mtu alipita anauza mkate. Raissa mikononi mwa Jeska alinyoosha kidole kwenye springi za ukutani, akasema neno lake ambalo halina maana bado.

"Utatengeneza viwili," Adventina akasema. "Kimoja cha mguu, kimoja bila. Mipini tutachonga kwetu, kuna mti mzuri wa musave."

"Nitakupa urefu," Saidi akasema, sauti imeshuka. "Ninapima kwa mutu. Mwenye kushika iko mwanaume? Ana urefu gani?"

"Pima kwangu."

Akasimama wima. Pili ndiye aliyepima, kwa ule ule utepe wa mgomba, kutoka ardhini mpaka kifuani, akafunga fundo jingine. Alipomaliza aliuweka mkono wake begani kwa Adventina akauacha hapo muda kidogo, mzito.

Vyuma alivipata siku ya tatu. Alivifunga kwenye kitenge akavipakata njia nzima ya kurudi Muyinga, na Raissa akavilalia.

Egidius alivipokea akavigeuzageuza kwenye jua.

"Shemeji, umetuletea ndoana ya kuvulia mamba."

"Basi wewe ndio chambo," Adventina akasema, na Egidius akacheka, kwa sababu ilikuwa muda mrefu shemeji yake hajamtania.

Walichonga mipini siku mbili. Jumanne, ikiwa imebaki juma moja na siku kadhaa, walishuka wawili, na msumeno wa watu wawili, na shoka, na kamba ambayo Egidius alikuja nayo begani. Efrazia alishuka nyuma yao polepole, amemfunga Raissa mgongoni. Hakuwa ameshuka njia ile tangu msiba, maji alikuwa analetewa. Alikaa kwenye tuta juu ya njia, miguu ameinyoosha.

"Nimekuja kuona," alisema.

Adventina alipanga mawe mawili makubwa upande wa chini, hatua kadhaa mbele ya gogo, pale ambapo shamba la maharage lilikuwa limevunwa, ili gogo likizunguka likakae. Alipoinuka alimwona Egidius ameshazungusha kamba kwenye gogo, amesimama upande wa chini, miguu imepanuka, ncha ya kamba mkononi. Amesimama kama ndugu yake alivyosimama.

Alipanda haraka akasimama upande wa juu.

"Shemeji," alisema, "panda juu."

"Nani ataliongoza?"

"Lisiongozwe."

"Gogo halina dereva?"

"Halina."

"Mama Raissa, litaenda linakotaka."

"Liende. Huko chini ni mabua tu. Panda uje ushike chuma chako."

"Sasa hii habari umeitoa wapi? Maisha yangu yote mimi—"

"Egidi," mama yake akasema kutoka kwenye tuta. Hakupaza sauti. "Panda."

Egidius akaangalia mmoja, akaangalia mwingine. Akaiachia kamba ikaanguka kwenye majani, akapanda.

Wakasimama juu wote wawili, bega kwa bega. Kucha zikauma. Adventina alikuwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa amejifunga kitenge mara mbili, hakulala usiku, na asubuhi alikuwa amesali kama mtu anayesafiri. Walisukuma. Gogo likatoa sauti ya kubanduka kwenye udongo, likazunguka mara moja, likazunguka tena nusu, likagonga mawe likatulia.

Ni hivyo tu. Halikuchukua hata muda wa kusema jina la mtu. Vumbi lilipanda kidogo, mjusi akakimbia, basi.

"Kumbe," alisema Egidius, akiangalia chuma mkononi mwake. "Kumbe ni kitu chepesi hivi."

Adventina aliuweka mpini chini kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika. Alitembea mpaka kwenye tuta, akakaa karibu na mama mkwe wake, na hapo ndipo alipolia, mdomo wazi, bila kujifunika. Kama kingekuwa kitu kigumu angekivumilia. Wangepambana nacho nusu siku, mpini ungevunjika, angesema, liangalie, lilikuwa jitu, nani angeliweza. Lakini lilizunguka kama mtoto anayegeuka usingizini.

Efrazia alimwacha alie. Alimtoa Raissa mgongoni akamweka katikati yao.

"Mama," Adventina akasema alipopata sauti. "Siku ile halikuteleza. Ni mimi niliyebinua. Yeye alikuwa chini na kamba, mimi nilikuwa juu. Alisema binua, nikabinua."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Nani angebinua mwingine? Mlikuwa wawili."

Huko chini Egidius alikuwa anafunga mguu wa chuma kwenye bolti zake, amewapa mgongo kwa makusudi.

"Kamba alikuwa ameishikaje?" Efrazia akauliza. "Mkononi tu, au ameizungusha?"

"Ameizungusha."

"Mkono wa kushoto."

"Wa kushoto."

"Mara mbili."

Adventina alimgeukia. Uso wa mama mkwe wake haukuwa na machozi. Ulikuwa umekauka kama ardhi ya mwezi wa nane.

"Alikuwa na miaka saba," Efrazia akasema. "Baba yake anaumwa, bani limejaa tumbaku, kuni hakuna. Nilikuwa nyuma na mti. Yeye alikuwa mbele, kakamba kanamponyoka kila saa, analia. Nikaenda nikamzungushia mkononi mwenyewe, mara mbili. Nikamwambia, fanya hivi mwanangu, haitakuponyoka tena." Aliitazama kamba ya Egidius pale kwenye majani. "Nilipomwona siku ile walivyomleta, kamba ilikuwa bado mkononi. Niliikata mimi, kabla watu hawajaingia. Mara mbili, kama nilivyomfunga."

Raissa alivuta majani akayagawa, kidogo kwa bibi, kidogo kwa mama, wakayapokea.

"Shemeji," Egidius aliita hatimaye, "limenyanyuka. Lakini msumeno huu ni wa watu wawili."

"Nenda," Efrazia akasema.

Adventina alishuka akashika upande wake wa msumeno. Mkaratusi uliokauka mwaka mzima ni mgumu, unatoa unga mwekundu na harufu kali inayochoma pua. Walikata mpaka jua likapinda, wakipumzika, wakigeuza, wakibadilisha mkono wa chuma, na kila mara walipogeuza walisimama juu. Vilitoka vipande kumi na kimoja. Egidius alivipasua kesho yake. Efrazia hakutaka vitumike kupikia chakula cha kuganduka, wala hakutaka vitupwe. Alisema viende kwa wachoma matofali, na matofali yarudi, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado haijajengwa na mtoto anakua.

Vilipokwisha kubebwa vyote, jioni, alichukua bidoni ndogo akaenda kisimani mwenyewe. Adventina alimfuata kwa mbali, asije akaanguka. Pale gogo lilipokuwa limelala palikuwa na mstari mpana wa ardhi tupu, na majani yaliyokuwa chini yake yalikuwa meupe, laini, yamelala upande mmoja, na siafu walikuwa wanatafuta njia yao iliyopotea. Efrazia alifika hapo akasimama. Njia ilikuwa imenyooka mbele yake, wazi hadi kisimani. Hata hivyo miguu yake iligeuka yenyewe, ikashuka kwenye majani, ikapita kule nyuma, kwenye ile njia nyembamba ambayo watu walikuwa wameichora na yeye hakuwahi kuikanyaga, na Adventina naye akapita huko huko.